Moto Uliotangulia Maji

Tulimzika wifi yangu Kalunde mwezi uliopita, hapa Tabora, na jioni moja ya matanga wajukuu wake waliokuwa wamekaa mkekani nyuma yangu walianza kusimuliana maisha ya bibi yao. Mmoja wao, binti anayesoma chuo, aliwaambia wenzake kwamba bibi alihamia mjini kwa sababu mvua kubwa ilibomoa nyumba yake kule Kalangale. "Ni mvua tu," alisema, "ilinyesha ikazidi." Sikugeuka. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini kisije kikamwagika. Mvua ile haikuzidi. Nimeishi miaka mingi na nimeona mvua kubwa kuliko ile, zikanyesha usiku kucha na asubuhi watu wakaenda shambani na majembe yao. Yaliyotupata Kalangale yalianza mapema, wakati ambapo hakukuwa na tone la maji popote, na kila balaa lilipopita lilikuwa limeshaliandalia jingine njia. Tuliokuwapo siku ile tumebaki wachache sana, na sasa Kalunde naye ameondoka. Ndiyo maana nayasimulia.

Waingereza walikuwa bado wanatawala, na vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha si zamani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mke mpya wa Yosefu, aliyekuwa kibarua katika genge la kutengeneza reli. Nyumba za genge zilikuwa safu moja ya vyumba vya matofali vilivyoezekwa bati, vituo vichache magharibi ya Tabora. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu la harusi, na msalaba niliopewa na mama. Ukuta kati yetu na jirani haukufika kwenye bati, kwa hiyo maneno yalipita juu yake kama moshi. Jirani huyo alikuwa Mihambo, mnyapara wa genge, pamoja na mkewe Kalunde na binti yao mdogo, Nyamizi. Kalunde alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, asiyejua kusema jambo polepole. Miezi ya kwanza nilimwogopa. Akinisikia nakohoa usiku, asubuhi alikuwa ananigongea na kikombe cha asali, ananitazama nikimeza, kisha anaondoka bila neno.

Ili mtu aelewe yaliyotokea ni lazima ajue mahali palivyokaa. Kaskazini kulikuwa na mlima wenye msitu mnene wa miombo. Kijito kilishuka kutoka mlimani, kikapita kando ya kijiji na nyumba zetu, kisha kikaingia chini ya tuta la reli kupitia kalvati, yaani mabomba ya saruji yaliyofukiwa ndani ya tuta. Upande wa pili wa tuta ilikuwa mbuga, tambarare ya udongo mweusi. Na mashariki ya yote hayo palikuwa na mwinuko ambapo njia ya zamani ya misafara ilipita, ile waliyoitumia wapagazi kubeba pembe kwenda pwani. Reli iliukata mwinuko huo katikati, lakini njia yenyewe ilibaki juu, na watu waliendelea kuitumia kwa miguu.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mtama ulikauka kabla ya kutoa masuke, na mahindi yalisimama mashambani yakilia kwa upepo kama karatasi. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi vikiwa uji na jioni vikiwa vimechemshwa kwa karanga, na karanga zilipokwisha, bila karanga. Kisima cha kijiji kilishuka mpaka tukawa tunaingia ndani na kata kukwangua maji. Ndipo wafugaji walipofika. Walitoka Igunga na ng'ombe waliokonda mbavu zikahesabika, wakapiga kambi mbugani, upande wa pili wa tuta, kwa sababu udongo ule mweusi ulikuwa bado umeshika nyasi kidogo na madimbwi machache. Mkubwa wao aliitwa Mzee Shija. Alikuja na wanawe na mke wake mdogo, Holo, mwenye mimba kubwa.

Jioni nililala kitandani nikiwasikia Kalunde na mumewe wakibishana juu ya wageni hao. "Wakimaliza nyasi za mbuga watahamia kwenye kisima chetu," alisema Kalunde. Mihambo alikuwa mtu wa maneno machache. "Unataka waende wapi?" aliuliza. "Huko kwao ng'ombe wamekula hata nyasi za mapaa." Kalunde alijibu kwamba hilo halimhusu, yeye ana mtoto. Mihambo alisema na Shija ana watoto. Kisha nikasikia Kalunde akikwangua sufuria. Nadhani hata wakati ule nilijua kwamba kila mmoja alikuwa na haki yake, na kwamba jambo la namna hiyo ndilo huwa gumu kumalizika.

Moto uliwaka mwishoni mwa kiangazi, upepo ulipokuwa mkali. Nani aliuwasha, sijui mpaka leo. Wengine walisema ni cheche za gari la moshi, kwa sababu siku hizo treni ziliendeshwa kwa kuni na zilitema cheche kando ya njia. Wengine walisema ni warina asali walioacha mwenge. Wengi walisema ni wafugaji, wanaochoma nyasi ili zichipue changa. Ninachojua ni kwamba adhuhuri tuliona moshi mwembamba chini ya mlima, na kabla jua halijazama mlima wote ulikuwa unanguruma. Genge zima lilitoka na matawi mabichi kwenda kuupiga moto usifike kwenye nyumba. Walifanikiwa kuuzuia upande wetu, lakini mlimani hakuna aliyethubutu kupanda. Uliteketeza msitu siku baada ya siku. Mizinga ya nyuki ililipuka, na harufu ya asali iliyoungua ilikaa kwenye nguo zetu hata tulipozifua. Dikidiki na sungura walikuja mpaka kwenye milango yetu, hawana hata habari na mbwa.

Ulipozimika, mlima ulikuwa mweusi mtupu. Tuliona mawe ambayo hata wazee hawakujua kuwa yapo. Niliwahi kupanda na wanawake kutafuta kuni, na majivu yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Chini ya majivu udongo ulikuwa umeungua ukawa mgumu kama chungu. Miti mikubwa ilikuwa imeanguka huku na huko, imeungua kwenye shina na kubaki mizima juu, kama watu waliolala vibaya. Hatukufikiria lolote juu ya hayo. Tulifurahi kwamba kuni zimekuwa nyingi.

Siku chache baadaye Kalunde alikutana na Mzee Shija kisimani, na mbele ya watu wote akamwambia, "Nyinyi mmetuchomea mlima." Mzee yule alisimama na fimbo yake mabegani. "Mayo," alimjibu kwa upole, yaani mama, "mtu aliyetembea kutoka Igunga kutafuta nyasi, azipate, kisha azichome?" Kalunde alisema hajui wafugaji wanafikiri vipi. Shija aligeuza ng'ombe wake na tangu siku hiyo watu wake hawakuvuka tena tuta kuja upande wetu.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, tumemaliza kula. Wingu lilisimama juu ya mlima, jeusi upande mmoja na la rangi ya shaba upande wa pili, na matone makubwa yakaanza kugonga bati. Wanawake walipiga vigelegele. Nilitoa kila chombo nilichokuwa nacho, hata bakuli, nikavipanga uani, na Nyamizi alikuwa anaruka katikati yake huku nguo imemganda mwilini. Kalunde alisimama mlangoni akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mdomo wazi, kama msichana. Mvua za kwanza miaka yote zilikuwa zinanywewa na ardhi. Msitu ulizipokea, majani yakaloa, udongo ukaloa, na kijito kilikuwa hakijai mpaka mwezi mzima upite. Ndivyo tulivyozoea. Kwa hiyo tuliposikia sauti kutoka kijitoni, sauti ya kitu kizito kikiburutwa, tulidhani ni radi.

Maji yaliyotokea kwenye kona ya kijito yalikuwa meusi na mazito, yenye harufu ya jiko lililomwagiwa maji. Mbele yake yalisukuma takataka za mlimani: makaa, matawi, mizinga iliyoungua, na baada yake magogo. Mlima haukunywa hata tone. Kila kilichoanguka juu yake kilikuwa kinashuka kwetu kwa pamoja. Mihambo alitoka chumbani akiwa ameshika kofia yake, akatazama kijito, kisha akatazama tuta, na nikaona uso wake ukibadilika. Alianza kukimbia huku akiwaita vijana wake kwa majina.

Tulipofika kwenye tuta, magogo yalikuwa yameshakaa mdomoni mwa kalvati. Gogo moja lilikuwa limekingama, mengine yakalilalia, na matope ya majivu yakaziba kila tundu kama mtu anayekandika ukuta. Maji hayakuwa na pa kupita. Yalianza kutanda nyuma ya tuta, upande wetu, na yalikuwa yanapanda huku tukiyaangalia. Vijana walivuta magogo kwa kamba, wengine waliyasukuma kwa mitaimbo. Walipong'oa moja, kijito kilileta mawili. Wanakijiji walikuwa wameanza kubeba watoto na kuku kuelekea mwinukoni, kwenye njia ya misafara.

Mihambo alimpa Yosefu bendera nyekundu. "Kimbia upande wa Kigoma," alimwambia. "Gari la abiria liko njiani. Tuta likilowa hivi halitalibeba." Yosefu alinitazama mara moja, akaenda juu ya mataruma mpaka mvua ikamficha. Kisha Mihambo alitugeukia sisi. "Nendeni mbugani. Waambieni wale watu watoke sasa hivi."

"Na wewe?" Kalunde aliuliza.

"Tuta hili nimekabidhiwa mimi."

Kalunde alimkabidhi Nyamizi kwa jirani aliyekuwa anapanda mwinukoni, akajifunga kanga kiunoni, akanishika mkono.

Tulipanda tuta kwa magoti kwa sababu lilikuwa linateleza. Nilipofika juu niligeuza kichwa huku na huku, na kile nilichokiona sijakisahau. Mkono wa kushoto, karibu na usawa wa reli, ziwa jeusi linalozunguka na magogo ndani yake. Mkono wa kulia, chini kabisa, mbuga tulivu yenye mvua nyepesi, ng'ombe wanakula, na moshi wa mapishi unatoka kwenye vibanda vya wafugaji. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na udongo tu, na sisi tulikuwa tumesimama juu yake. Kwenye mteremko wa upande wa mbuga, maji yalikuwa yanachuruzika kwa vijitundu, meupe mwanzoni, kisha ya rangi ya udongo.

Mzee Shija alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda chake, ngozi begani. Kalunde alipiga goti, akamsalimu kama inavyostahili. "Mwadila, baba." Aliitikia bila kutuangalia. Kalunde alimweleza kwamba kalvati limeziba na tuta linaweza kupasuka wakati wowote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Juzi mlisema tumewachomea mlima," alisema. "Leo mnasema maji. Angalia ng'ombe wangu, mayo. Leo kwa mara ya kwanza wamekunywa wakashiba, na wewe unaniambia niwahamishe. Na mke wangu yuko ndani, uchungu umemshika tangu asubuhi."

Kutoka ndani tulisikia mwanamke akiguna. Nilimvuta Kalunde nguo. Nilitaka tuondoke, nakiri, nilitaka tupande mwinukoni na kuwaacha. Kalunde alikaa chini. Alikaa kwenye matope, miguu ameinyosha mbele yake, mbele ya mlango wa mzee yule.

"Niliyokuambia kisimani niliyasema mimi," alisema, "na siwezi kuyarudisha. Lakini mume wangu yuko juu ya lile tuta sasa hivi, na mtoto wangu yuko mikononi mwa watu. Kama nimekuja kukudanganya, utaniona nimekaa hapa hapa. Likipasuka, litatukuta wote."

Mzee Shija aliinuka, akatembea hatua chache kuelekea kwenye tuta, akaona yale maji ya udongo yanayochuruzika. Alitia vidole mdomoni akapiga mluzi. Wanawe waliinuka kutoka kila upande wa mbuga na ng'ombe wakaanza kusogea.

Holo hakuweza kutembea. Tulimlaza juu ya ngozi ya ng'ombe, vijana wawili mbele, mimi na Kalunde nyuma, tukaanza kupanda. Ngozi ilikuwa imelowa na ilitutoka mikononi, tukawa tunasimama kuishika upya. Tulikuwa tumefika juu, kwenye njia ya misafara, pale walipojazana watu wa kijiji na kuku wao na vitanda vyao, wakati tuta lilipokatika. Halikutoa mlio mkubwa. Lilikuwa kama lori linalomwaga kokoto, likaendelea kumwaga, bila kumaliza. Nilipotazama, reli zilikuwa zinaning'inia hewani na mataruma yake, na chini yake maji meusi yalikuwa yanapita kwenda mbugani na magogo yote. Kile kibanda tulichokuwa tumekaa mbele yake sikukiona tena. Nyuma, maji yalipokuwa yanakimbilia kwenye upenyo, yaliivuta safu ya nyumba za genge, ukuta baada ya ukuta.

Vijana wa genge walikuwa wanapanda mwinuko mmoja mmoja. Nilimtafuta Mihambo kati yao. "Wifi," nilimwambia Kalunde kwa sauti ya chini, "shemeji simwoni."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya Holo, mgongo umeelekea tuta. Hakugeuka. "Hata mimi sijamsikia," alisema. "Shika mguu wa mama huyu."

Niliushika. Mtoto alizaliwa pale pale, mvua inanyesha, wanawake wa kijiji wameshika ngozi juu yetu kutukinga, wale wale waliokuwa wakiwasema wafugaji kisimani. Alikuwa msichana. Kalunde alimfuta, akamweka kifuani kwa mama yake, akanawa mikono kwa maji ya mvua. Ndipo alipoinuka na kuwauliza wale vijana. Mmoja wao, Peteri, ndiye aliyejibu. Alikuwa amefungwa kamba na kuteremshwa kwenye mdomo wa kalvati. Mihambo alipoona tuta linatikisika aliwafukuza wengine wote, akamvuta Peteri juu peke yake, akamsukuma mbele akamwambia kimbia. Peteri alikimbia. Alipogeuka hakukuwa na tuta.

Wana wa Shija walimpata mbugani siku iliyofuata, tope la majivu limemfunika, wakambeba kwenye ile ile ngozi mpaka mwinukoni, na tukamzika kando ya njia. Yosefu alirudi kwa miguu. Treni ilisimama mbali, na watu waliokuwa ndani yake hawakujua kwa nini wanacheleweshwa. Alikaa karibu na kaburi la shemeji yake na bendera bado iko mkononi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Lakini maji yalikuwa yameacha madimbwi kila mahali, meusi, yaliyotulia, na kabla ya mwezi kwisha mbu walikuwa wengi mpaka ng'ombe walikataa kulala. Homa iliingia. Michembe yetu ilikuwa imeoza, kwa hiyo homa iliwakuta watu hawana nguvu. Tulizika watoto wa kijiji, tulizika mzee mmoja aliyewahi kuwa mpagazi, na Yosefu alilala kwenye kibanda cha nyasi akizungumza na watu wasiokuwapo. Aliyetuvusha ni Mzee Shija. Kila asubuhi Holo alikuja na mtoto mgongoni na kibuyu cha maziwa, akakiweka mlangoni mwa Kalunde, wakakaa bila kuzungumza sana.

Alikuja pia mzungu wa reli, pamoja na karani wa kumtafsiria, kuuliza nini kilisababisha tuta kukatika. Mmoja alimwambia ni mvua. Mwingine magogo. Mwingine alianza kutaja moto, kisha akamwona Mzee Shija amesimama pale, akanyamaza. Kalunde alipoulizwa alisema, "Mwambie aanze kuuliza tangu kiangazi. Akianzia kwenye mvua hatapata kitu." Karani alitafsiri kwa maneno machache kuliko yale. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaenda kupima tundu.

Tulipanda mahindi mahali nyumba za genge zilipokuwa. Hatukuwa na mahali pengine, mashamba ya zamani yalikuwa yamechimbwa na maji. Yale majivu ya mlima yalikuwa yamekaa pale tabaka nene, laini, na mahindi yaliota kama hayajawahi kuota Kalangale. Yalipita kimo cha mtu, mabua manene kama mkono wangu, kijani kinachokaribia weusi. Wageni waliopita kwenye njia ya misafara walisimama kuyashangaa na kutupongeza. Kalunde hakuyapalilia. Alipita kando yake kwenda kisimani akiwa ameelekeza uso upande wa pili. Yalipokomaa, mimi na Yosefu, aliyekuwa bado anatembea na fimbo, tulivunja ya kwanza na kuyachoma, na Nyamizi alikula mpaka mashavu yakawa meusi. Kalunde alikaa mbali, mikono imekunjwa. Nilijua anachokiona: mlima ule uliomshukia mumewe ndio uliokuwa kwenye masuke yale.

Sikumwita. Alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya moto, akalichukua hindi nililokuwa nimelitoa makaani, akalivunja kwa mikono yake miwili na kunipa nusu.

"Kula, wifi," alisema. "Mihambo amekufa, na sisi tuna njaa."

Tulikula tumesimama, yeye ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimeza asali, mpaka akahakikisha nimemaliza.